Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Jumba, Ngome na Mlango

Barabara itokayo Likoni kuelekea Lungalunga hupita Diani, na kabla ya kufika Msambweni huachana na njia iingiayo Gazi, kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na minazi na mikoko. Kijijini humo mna jumba la kale ambalo kwa miaka mingi lilitumika kama shule. Lilikuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mtu aliyewasumbua masultani wa Unguja kwa muda mrefu na hatimaye akapigana na Waingereza. Mlango wake wa nakshi haupo tena Gazi. Ulihamishiwa Fort Jesus, Mombasa, ngome ambayo leo ni jumba la makumbusho. Uzito wa uhamisho huo hauwezi kueleweka bila kuyadurusu maisha ya mwenye nyumba.

Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na mwaka 1698 ikatwaliwa na Waomani. Katika karne ya kumi na nane, uliwali wa Mombasa uliangukia mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Walipoingia madarakani Mabusaidi kule Omani, Mazrui walikataa kuwatii wakajitawalia Mombasa kama dola yao wenyewe. Huo ndio ulimwengu wa Muyaka bin Haji, mshairi ambaye tungo zake za kisiasa zimefungamana na mivutano baina ya Mombasa, Lamu na Seyyid Said. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa ngome. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakuu wa ukoo wake, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas na hawakurudi tena. Rashid bin Salim ndiye aliyekuwa baba yake Mbaruk.

Mazrui walionusurika waligawanyika mafungu mawili. Fungu moja lilikwenda kaskazini likakaa Takaungu. La pili, likiongozwa na Abdallah bin Khamis, lilikwenda kusini likajenga Gazi, katika nchi ya Wadigo. Mbaruk alikulia katika fungu hili la kusini. Alikuwa angali mdogo wakati ngome ilipoanguka, na alirithi kwa baba yake dai tu, wala si mji. Uongozi wa Gazi ulipomfikia, alikuwa na jumba, bandari ndogo, mashamba na wafuasi. Hata hivyo, jicho lake halikubanduka Mombasa.

Tangu enzi ya Seyyid Majid hadi ya Seyyid Barghash, Mbaruk aliasi, akapatanishwa, akaasi tena. Siri ya kudumu kwake ilikuwa jiografia. Gazi iko pwani, nayo pwani hufikika kwa mizinga ya merikebu. Kwa hiyo alijenga boma la pili huko bara, mahali paitwapo Mwele, katika misitu ya upande wa milima ya Shimba. Pwani ilipozidiwa, alipanda Mwele. Mwanzoni mwa mwaka 1882 jeshi la Barghash, likiongozwa na Lloyd Mathews, ofisa Mwingereza aliyemtumikia Sultani, liliizingira Mwele na kuivunja. Mbaruk mwenyewe alitoroka. Miaka kadhaa baadaye alikuwa amerejea kwake Gazi kana kwamba hakujatokea jambo.

Ni muhali kumweleza Mbaruk bila kuwataja watu waliompa nguvu na wale waliodhurika kwa nguvu hizo. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo watoro, yaani watumwa waliokimbia mabwana zao na kutafuta hifadhi chini ya mtu asiyemwogopa Sultani. Papo hapo, Mbaruk huyo huyo alimiliki watumwa, na mashambulizi ya watu wake katika vijiji vya Wadigo na Waduruma yaliwapeleka wengine utumwani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Masimulizi ya Gazi humtaja pia kama bwana mkali, aliyewaadhibu watu kwa kuwafungia chumbani na kuwafukizia moshi wa pilipili. Masimulizi hayo yawe ya kweli tupu au yawe yameongezwa chumvi, yanaonyesha jinsi jumba lile lilivyotazamwa na waliokuwa nje yake.

Mwaka 1887 Barghash aliikodishia kampuni ya Waingereza utawala wa pwani, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikapata hati ya kifalme kwa jina la Imperial British East Africa Company. Mbaruk hakuipinga. Alipokea posho yake na akaishi nayo kwa amani. Mambo yaliharibika Takaungu mwezi wa Februari 1895, alipofariki Salim bin Khamis aliyekuwa mkuu wa fungu la kaskazini. Kampuni ilimtaka Rashid, mwana wa marehemu, kwa kuwa alikuwa rafiki yake. Kwa desturi ya Mazrui, haki ilikuwa ya binamu yake aliyemzidi umri, ambaye jina lake pia lilikuwa Mbaruk bin Rashid. Binamu huyo na nduguye Aziz waliasi, na walipozidiwa walikimbilia Gazi.

Hapa ndipo mzee wa Gazi alipofikwa na mtihani mkubwa kuliko yote ya maisha yake. Waingereza walimtaka awasalimishe waasi. Kuwatoa kulimaanisha kuwakabidhi jamaa waliokuja kuomba hifadhi, tena katika suala la haki ya ukoo kujichagulia mkuu wake. Kuwaficha kulimaanisha kupoteza posho, amani na pengine jumba. Fauka ya hayo, tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ilichukua utawala kutoka kwa kampuni, na Mbaruk hakuwa tena akishughulika na wafanyabiashara. Hakuwatoa.

Gazi ilitwaliwa. Tarehe 17 Agosti 1895 majeshi ya Admirali Harry Rawson yaliiteka Mwele, na jina la boma hilo likachorwa kwenye ukingo wa nishani walizopewa wapiganaji wa Uingereza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, Rawson huyo huyo aliipiga mizinga kasri ya Sultani kule Unguja, na mwezi wa Februari 1897 aliongoza uvamizi wa Benin, ambako hazina za kasri ya mfalme ziliporwa na nyingi zikaishia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Gazi ilikuwa kituo kimoja katika mkondo huo mrefu.

Kuanguka kwa Mwele hakukuvimaliza vita. Viliendelea kwa kuvizia na kukimbia, na wengine wakajiunga, akiwamo Hamisi bin Kombo wa Mtwapa. Mwezi wa Machi 1896 Waingereza walilazimika kuleta kikosi kutoka India. Mwezi uliofuata Mbaruk alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake waliozidi elfu moja, akajisalimisha kwa Wajerumani chini ya Gavana Hermann von Wissmann. Alihamishiwa Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia mwaka 1910. Kama baba yake, alifia ugenini, mbali na Mombasa.

Mwaka ule ule Mbaruk alipopoteza Gazi, Fort Jesus iligeuzwa gereza. Ilibaki hivyo hadi mwaka 1958, kisha ikachimbuliwa na kukarabatiwa chini ya James Kirkman, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Mgeni aitembeleaye leo huonyeshwa ukumbi wa Mazrui wenye maandishi ya Kiarabu. Na humo ndimo ulimopelekwa mlango wa Gazi: nyumba ya mtoto imeingia kwenye ngome iliyomtoka baba.

Hata hivyo, mlango uliong'olewa ukutani husema nusu ya habari. Huonyesha ustadi wa fundi na fahari ya bwana, lakini hauonyeshi chumba kilichokuwa nyuma yake, wala mtoro aliyeupita akitafuta hifadhi, wala Mdigo aliyeuogopa. Aidha, habari nyingi za vita vya 1895 ziliandikwa na maofisa wa upande ulioshinda, nao walimwita Mbaruk mhalifu. Wako waliokuja baadaye wakamwita shujaa wa kupinga ukoloni. Majina yote mawili ni mepesi mno kwa mtu aliyewakinga jamaa zake kwa gharama ya kila alichokuwa nacho, na ambaye sehemu ya alichokuwa nacho ilikuwa binadamu wenziwe. Nusu ya pili ya habari hiyo ingali Gazi, katika kuta zisizo na mlango wake na katika vinywa vya wazee wa Kidigo na wa Kiswahili. Msomi wa Kiswahili ana lugha ya kuwauliza. Anachopungukiwa ni muda, kwa maana wazee hao hawangojei kama mlango unavyongojea.