Abulfaz Elchibey: Mwalimu wa Historia Aliyepewa Nchi kwa Kura

Katika safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri, leo tunamtazama msomi wa lugha ya Kiarabu aliyefungwa na dola kwa ajili ya maneno yake, kisha akachaguliwa kuwa rais, na baada ya mwaka mmoja tu akarudi kijijini kwao bila cheo.

Kuzaliwa na elimu yake

Abulfaz Aliyev alizaliwa tarehe 24 Juni 1938 katika kijiji cha Keleki, mkoa wa Nakhchivan, nchini Azerbaijan. Wakati huo nchi hiyo, ambayo wananchi wake wengi ni Waislamu, ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Baba yake alikufa katika Vita Kuu ya Pili, naye akakua yatima.

Akiwa Chuo Kikuu mjini Baku alichagua kusoma Kiarabu, akahitimu mwaka 1962. Mwaka uliofuata alipelekwa Misri kuwa mkalimani wa wataalamu wa Kisovieti, katika siku ambazo bwawa kubwa la Aswan lilikuwa linajengwa. Aliporudi aliendelea na masomo ya juu na kuandika juu ya dola ya Watuluni, iliyotawala Misri katika karne ya 3 Hijria, kisha akawa mwalimu wa historia katika chuo kilekile.

Kifungo

Darasani na katika vikundi vya siri vya wanafunzi, Abulfaz alisema kwamba Azerbaijan iliwahi kuwa jamhuri huru mwaka 1918 hadi 1920, na kwamba inaweza kuwa huru tena. Januari 1975 alikamatwa kwa shitaka la kuipinga serikali. Alikaa kifungoni mwaka mmoja na nusu, akifanyishwa kazi ya kuvunja mawe.

Alipotoka mwaka 1976 hakurudishwa kufundisha. Alipata kazi katika taasisi inayohifadhi miswada ya kale mjini Baku. Serikali ya Kisovieti ilikuwa imeondoa herufi za Kiarabu katika miaka ya 1920, ikaweka za Kilatini, na baada ya miaka kama kumi ikaleta za Kirusi. Hivyo kijana wa Baku hakuweza kusoma barua ya babu yake. Abulfaz alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na ufunguo wa maandishi hayo.

Mwaka 1989 ilipoundwa harakati ya Popular Front, yeye ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti. Watu wakamzoea kwa jina la Elchibey, maana yake Bwana Mjumbe.

Uchaguzi wa Juni 1992

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1990, majeshi ya Kisovieti yaliingia Baku na kuua raia zaidi ya 100. Tangu siku hiyo Chama cha Kikomunisti kilipoteza heshima, lakini hakikupoteza madaraka. Septemba 1991 kiongozi wake, Ayaz Mutalibov, alichaguliwa rais akiwa mgombea pekee. Mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya uhuru.

Uhuru ulikuja pamoja na vita na Waarmenia juu ya Nagorno-Karabakh. Februari 1992 mamia ya raia wa Kiazerbaijan waliuawa walipokuwa wakiukimbia mji wa Khojaly. Hasira ya umma ikamlazimisha Mutalibov kujiuzulu tarehe 6 Machi, na uchaguzi ukapangwa kufanyika Juni. Tarehe 14 Mei bunge likamrudisha madarakani, naye akaufuta uchaguzi. Kesho yake wafuasi wa Popular Front waliteka bunge na ikulu, Mutalibov akakimbilia Moscow, na uchaguzi ukabaki tarehe yake.

Tarehe 7 Juni wananchi walipiga kura wakiwa na wagombea watano mbele yao. Haukuwa uchaguzi usio na dosari. Vita vilikuwa vinaendelea, na Heydar Aliyev, kiongozi wa zamani wa Kikomunisti, hakuweza kugombea kwa sababu sheria ilizuia wenye umri uliozidi miaka 65. Hata hivyo mshindi hakujulikana kwa kuwa peke yake kwenye karatasi. Elchibey alipata takriban asilimia 60, na Nizami Suleymanov, aliyemfuata, akapata karibu theluthi ya kura.

Mwaka mmoja wa utawala

Rais mpya aliweka sarafu ya nchi, manat, na majeshi ya Urusi yakaondoka nchini katika mwaka huo. Jambo linalotuhusu sisi wanafunzi ni kwamba mwaka 1992 serikali yake ilianzisha mtihani mmoja wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, ili kukata mizizi ya rushwa iliyokuwa ikiuza nafasi.

Upande wa pili, aliegemea sana Uturuki huku akiwagombanisha na nchi yake majirani wawili wenye nguvu, Urusi na Iran. Jeshi halikuwa moja, kwani makamanda wengine walikuwa na askari wao binafsi. Aprili 1993 wilaya ya Kelbajar ikatekwa na maelfu ya watu wakakimbia makwao.

Mmoja wa makamanda hao, Surat Huseynov, mfanyabiashara aliyegeuka kanali, aliasi katika mji wa Ganja. Tarehe 4 Juni serikali ilijaribu kumnyang'anya silaha, damu ikamwagika, naye akaanza kuelekea Baku. Elchibey alimwita Heydar Aliyev aje kusaidia. Aliyev akawa spika wa bunge, na usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni rais aliondoka kimya kimya kwenda Keleki.

Agosti kura ya maoni ilitangaza kwamba umma haumtaki tena. Oktoba 1993 Heydar Aliyev alitangazwa rais kwa zaidi ya asilimia 98.

Elchibey alikaa kijijini miaka minne, akarudi Baku mwaka 1997 kuongoza upinzani. Alifariki Ankara tarehe 22 Agosti 2000 kwa ugonjwa wa saratani, akazikwa Baku.

Mafunzo

Kwanza, elimu aliyoichagua kijana huyu haikuwa na faida ya haraka, lakini ndiyo iliyomwezesha kujua kilichofutwa na kuwaambia wenzake.

Pili, kura ni amana inayohitaji walinzi. Asilimia 60 za watu waliopiga foleni hazikumzuia kanali mmoja mwenye vifaru, kwa sababu hakukuwa na jeshi linalotii sheria kuliko kamanda.

Tatu, wapo wanaosema aliitupa amana ile alipoondoka, na wapo wanaosema aliiokoa Baku isichinjane. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini atakayelinganisha asilimia 60 za 1992 na asilimia 98 za 1993 ataona ni uchaguzi upi wananchi waliruhusiwa kutofautiana. Huo ndio urithi wake.

Allah amrehemu, na atujaalie viongozi wanaojua thamani ya amana. Amin.