Marehemu Daktari Said Mohamed Cheikh na Siasa ya Visiwa Vinne

Ndugu zetu Waislamu, ni desturi ya vitabu vya ukumbusho kama hiki kuwataja waliotutangulia, ili walio hai wapate kuyapima mambo yao kwa mambo ya wale waliopita. Safari hii tumemchagua mtu wa Visiwa vya Komoro, ambako wengi wetu tuna jamaa au walimu wa dini. Jina lake ni Said Mohamed Cheikh.

Marehemu alizaliwa mwaka 1904 huko Mitsamiouli, kaskazini ya kisiwa cha Ngazija. Alikuwa kijana mdogo wakati Komoro ilipotangazwa koloni la Ufaransa mwaka 1912 na kutiwa chini ya serikali ya Bukini, yaani Madagaska. Tangu hapo kila shauri kubwa la visiwa lilikatwa Antananarivo, na kijana aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kuvuka bahari. Said Mohamed Cheikh alivuka, akasoma utabibu katika mji huo, akarudi akiwa miongoni mwa Wakomoro wa kwanza kupata udaktari. Kazi hiyo ilimfikisha katika nyumba za wakubwa na za wadogo, na ndiyo iliyomjengea heshima kabla hajaijua siasa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wa makoloni walipewa nafasi ya kupeleka wajumbe Paris. Daktari akachaguliwa kuwa mjumbe wa Komoro, akaendelea kukaa katika Bunge la Ufaransa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tunda la kwanza la siasa yake lilikuwa sheria ya tarehe 9 Mei 1946, iliyovitenga visiwa na Bukini katika utawala na katika fedha. Kwa mara ya kwanza tangu utawala wa wageni, visiwa vinne vya Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore vikawa na hazina na baraza lao wenyewe.

Siasa ya Komoro katika zama zile ilikuwa na pande mbili, zilizoitwa kwa rangi za karatasi zao za kura. Daktari aliongoza upande wa Kijani. Upande wa Weupe uliongozwa na Mwana wa Mfalme Said Ibrahim, mtoto wa Sultan Said Ali wa Ngazija. Pande zote mbili zilitegemea jamaa na wakubwa wa miji kuliko tofauti ya rai. Mwaka 1958 Komoro ilipiga kura ya kubaki na Ufaransa. Kwa sheria ya mwezi wa Desemba 1961 ilipewa madaraka ya ndani, na Daktari akawa Rais wa Baraza la Serikali, cheo alichokishika hadi kufa kwake.

Hapa ndipo penye mazingatio. Makao ya serikali yalikuwa Dzaoudzi, katika kisiwa cha Maore. Mwezi wa Mei 1958 baraza la visiwa liliamua kuyahamishia Moroni, Ngazija, na katika miaka iliyofuata ofisi zikahama moja baada ya moja. Kwa hesabu ya watu, Ngazija ilikuwa na haki ya kudai makao hayo, maana ndiyo yenye watu wengi zaidi. Lakini kwa Wamaore ilikuwa ni riziki iliyoondoka. Makarani walihamia Moroni, wake wengine wakaachwa nyuma, na sokoni wanunuzi wakapungua. Kisha viti vya baraza viligawanywa kwa wingi wa watu, na kisiwa kidogo kikajiona hakina sauti.

Kutokana na uchungu huo kilizuka chama cha kisiwa kimoja, Mouvement Populaire Mahorais, kilichotaka Maore itengwe na Moroni na ibaki na Ufaransa. Nguvu yake kubwa ilikuwa wanawake, na kiongozi wao alikuwa Zéna M'Déré. Wao hawakushika silaha: waliwazunguka maofisa waliotumwa kutoka Moroni, wakawatekenya mpaka wakashindwa kuvumilia na kuondoka. Moroni iliwaona kuwa ni wakorofi wa kuadhibiwa, na kila adhabu ikazidi kukipa chama kile wafuasi.

Daktari alikuwa na upinzani mwingine pia. Huko Dar es Salaam Wakomoro waliasisi MOLINACO, chama kilichodai uhuru kamili, na mwaka 1968 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Moroni waligoma. Naye aliendelea na mwendo wake wa taratibu, akitaka madaraka yaongezwe kidogo kidogo. Alifariki dunia tarehe 16 Machi 1970, na Said Ibrahim akashika nafasi yake.

Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vilipiga kura ya uhuru. Vitatu viliukubali kwa kishindo, na wengi wa Wamaore wakaukataa. Komoro ikatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, Maore ikabaki kwa Ufaransa, na mwaka 2011 ikafanywa mkoa kamili wa nchi hiyo. Tangu 1995 Mkomoro hutakiwa viza kwenda Maore, na watu wengi mno wamekufa maji wakivuka kwa mashua ndogo kutoka Nzwani kwenda kwa jamaa zao au kutafuta kazi na matibabu.

Si haki kumtwika mtu mmoja mzigo wa yote haya, kwani Ufaransa ilikuwa na matakwa yake, na wakubwa wa Maore walikuwa na yao. Daktari aliwapa Wakomoro serikali yao, na shule kubwa ya Moroni imepewa jina lake kwa haki. Lakini wingi wa kura ulitosha kuhamisha makao ya serikali, haukutosha kuziridhisha nyoyo za walionyang'anywa. Dini yetu imetuamrisha kushauriana, na shauri halitimii ikiwa aliye mchache husikilizwa baada ya jambo kukatwa. Nasi katika jumuiya zetu, tunapogawa vyeo, fedha na mahali pa kujenga, tulikumbuke hilo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Daktari Said Mohamed Cheikh, awarehemu waliozama baharini, na atutengenezee yaliyo baina yetu. Amin.