Kifo cha Ghafla si Jina la Ugonjwa

Kila nipitapo Maungu nikielekea Voi, humkumbuka Johann Ludwig Krapf. Mnamo Novemba 1849 Mjerumani huyo alipita hapo katika safari yake ya Ukambani, milima ya Taita ikiwa mbele yake. Sisi wanaisimu twamjua kwa sarufi na kamusi yake. Leo nataka tumtazame kwa upande mwingine: jinsi mauti yalivyomwandama, na jinsi yalivyomjia hatimaye.

Alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen. Baada ya kuishi Ethiopia kwa miaka kadhaa, aliwasili Mombasa mwaka wa 1844. Mwaka huohuo homa ilimwua mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Zama hizo hakuna aliyejua kuwa malaria huenezwa na mbu. Hilo lilibainika mwishoni mwa karne ile. Hata hivyo, mbu walikuwapo wakiua.

Mwaka wa 1851 Krapf alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, kuelekea Mto Tana. Wakavamiwa, na Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga kwa njaa na kiu. Alipowafikia jamaa za marehemu, lawama zikamwangukia yeye, ikambidi atoroke usiku ili kuiokoa roho yake.

Alirejea Ulaya mwaka wa 1853, afya yake ikiwa imedhoofika, akaweka makao Korntal. Huko, tarehe 26 Novemba 1881, akiwa na umri wa miaka 71, alikutwa amekufa hali amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka wa 1882. Mwenyewe hakuiona.

Niwasimuliapo wanafunzi wangu kifo hicho, hakuna aulizaye ni nani aliyemroga Krapf. Wote husema moyo ulisimama. Ajabu ni kwamba wanafunzi haohao, afapo jirani yao vivyo hivyo, huuliza swali jingine.

Siku moja nilikwenda Voi kumzika mwalimu niliyesoma naye. Alikuwa amekula chakula cha jioni, akalala, asiamke. Kabla kaburi halijafukiwa, ajuza mmoja wa ukoo huo alikwisha kunyoshewa kidole. Wazo la kuipima maiti lilikataliwa, na bibi yule akahama kijiji kwa hofu. Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nilinyamaza.

Laiti ningesema hivi. Neno ghafla hueleza namna kifo kilivyotukia. Halielezi sababu yake. Mtu huanguka ghafla, lakini aghalabu ugonjwa umemkaa kwa miaka. Sababu kuu miongoni mwa watu wazima ni mishipa inayolisha moyo kuzibwa na mafuta. Moyo huvurugika mapigo, ukatetemeka pasipo kusukuma damu, na mtu hufa kwa dakika chache. Wengine hupasukwa na mshipa wa ubongo, au mshipa mkuu utokao moyoni. Wengine huuawa na donge la damu lililoganda mguuni, likasafiri hadi mapafuni. Hata kijana mkakamavu aweza kuanguka uwanjani kwa sababu amerithi moyo wenye misuli minene kupita kiasi. Shinikizo la damu, ambalo tumezoea kuliita presha, huandaa mengi ya maafa hayo bila ya kuuma popote.

Sitathubutu kusema ni lipi kati ya hayo lililomwua Krapf. Maiti isiyopimwa hubaki na siri yake. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu: tupimwe presha kungali mapema, na anapofariki mtu bila sababu kujulikana, tuishauri familia ikubali uchunguzi wa maiti. Uchunguzi huo haumfufui marehemu, lakini waweza kuwaonya wanawe juu ya maradhi ya kurithi, na kumwondolea lawama asiye na hatia.

Krapf alikuwa na nguvu za kutoroka usiku. Bibi yule wa Voi alikuwa na mkongojo tu. Mimi niliyeweza kumtetea nilikuwa nimesimama kando ya kaburi, nimefunga mdomo.