Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa

Bandugu wengi wa Likasi hawapendi buku za upelelezi. Wanasema ni hadithi za kuua watu, za kupoteza saa; mtumishi asome sheria ya kazi. Siye wa sendika tunaiheshimu sheria ya kazi. Lakini leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja wa Zanzibar.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 mu Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaingia kazi ya serikali: inspekta wa afya. Aliifanya miaka kumi. Kazi ya namna ile haitaki kusikia tu maneno ya watu. Inataka kuingia, kuangalia maji na uchafu, kutafuta ugonjwa unatokea wapi.

Mwaka 1948 alihamia ku magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari. Kisha akasaidia mu Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Toka 1958 mpaka 1968 aliongoza Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo.

Mu wakati ule akashinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau. Hadithi yake ikatoka kitabu mwaka 1960: Mzimu wa Watu wa Kale. Njo inahesabiwa buku ya kwanza ya upelelezi mu Kiswahili. Mtu anakutwa ameuawa pa mzimu, pahali pa wazee wa zamani. Watu wanaogopa. Bwana Msa anafika na kiko chake mu kinywa, pamoja na rafiki yake Najum. Yeye haogope mzimu. Anauliza, anapima, anaunganisha, mpaka anamufikia mtu, maana aliyeua ni mtu.

Abdulla alifuata njia ya Sherlock Holmes wa Uingereza, lakini watu, chakula na desturi ni vya Unguja kabisa. Akaandika tena Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), na zingine mpaka Kosa la Bwana Msa (1984). Alikufa mwaka 1991.

Hii inatugusa siye watu wa mine namna gani? Jiwe likianguka na ndugu akafa, neno la kwanza mu kilio ni bulozi. Tumeona mjane anashitakiwa, mzee anafukuzwa mu nyumba, watoto wanabaki bila mtu. Na wakati ule hakuna anayeuliza: nani alikagua pahali pale asubuhi? Mbao zilikuwa ngapi? Nani alitoa ruhusa ya kuingia? Karatasi iko wapi? Haya njo maswali ya Bwana Msa. Njo maswali ya delege pia, na bila majibu yake mjane hawezi kudai haki yake.

Basi, mwenye kuwa na buku moja ya Abdulla asiifungie mu sanduku. Mtoto anayejua kusoma aisome kwa sauti magharibi, baba na mama wasikilize.