Al-Zahrawi na mtoto mwenye kichwa kikubwa: Somo kwetu Njombe na Makambako

Kila ifikapo Oktoba 25, ulimwengu huadhimisha siku ya watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa. Hotuba hutolewa, na madaktari na watafiti waliotia fora katika kuwahudumia watoto hao hutajwa na kupongezwa. Ni jambo jema. Lakini katika shughuli hizo sijapata kusikia likitajwa jina la Abul Qasim Khalaf ibn Abbas al-Zahrawi, Muislamu aliyeandika juu ya maradhi haya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Linalosikitisha zaidi ni kwamba hata sisi Waislamu wenyewe, tunaopenda kujisifu kwa wanazuoni wetu wa zamani, wengi hatumjui. Wanaomjua humjua kwa jina tu.

Ni nani huyu al-Zahrawi? Alizaliwa mnamo mwaka 936 Miladia, sawa na mwaka 324 Hijria, huko Andalusia, nchi ambayo leo ni Hispania. Jina lake linatokana na Madinat al-Zahra, mji ambao Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka huo huo wa 936, karibu na Qurtuba. Nasaba yake ilihusishwa na Ansari wa Madina. Qurtuba ya wakati huo ilikuwa mji wa vitabu, hospitali na taa za barabarani, na ndimo al-Zahrawi alimosoma, akatibu na kufundisha. Alifariki mnamo mwaka 1013, sawa na mwaka 404 Hijria, baada ya kushuhudia fitna iliyowagawa Waislamu wa Andalusia na kuuangamiza mji uliompa jina lake.

Habari za maisha yake binafsi ni chache. Hakuacha kasri wala utajiri unaosimuliwa. Aliacha kitabu. Kinaitwa Kitab al-Tasrif, kina juzuu 30, na alikikamilisha mnamo mwaka 1000 baada ya miongo kadhaa ya kutibu. Juzuu ya mwisho ndiyo iliyompa umaarufu, kwa kuwa ni ya upasuaji. Ndani yake alichora picha za vyombo vya upasuaji vipatavyo 200, akaeleza kila kimoja hutengenezwaje na hutumikaje. Wanafunzi wake aliwaita wanangu, na aliwaandikia kama baba anayejua kwamba hatakuwepo watakapokutana na mgonjwa mgumu.

Juzuu hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya kutibu kwa kuchoma na chuma cha moto, ya pili ni ya kupasua, na ya tatu ni ya kuunga mifupa. Sehemu ya kupasua inaanzia kichwani na kushuka hadi miguuni. Je, ndugu msomaji, unajua mlango wake wa kwanza unamhusu nani? Ni mtoto mchanga ambaye maji yamekusanyika kichwani mwake! Ndiye huyu huyu ambaye leo tunamwita mtoto mwenye kichwa kikubwa.

Wapo Waislamu wanaodai kwamba al-Zahrawi ndiye mtu wa kwanza kuyaeleza maradhi haya. Hatuna haja ya kutia chumvi. Wagiriki waliyaandika kabla yake, na yeye alichukua mengi kutoka kwa tabibu Paulo wa Aegina. Ubora wake uko kwingine. Alieleza namna ya kupambanua maji yaliyo kati ya ngozi na mfupa na yale yaliyo chini ya mfupa, ambapo maungio ya fuvu huachana na maji hubonyea ukiyagusa kwa mkono. Akaeleza mahali pa kukata kwa kila aina. Kisha akafanya jambo ambalo waandishi wengi hawalifanyi. Akakiri kwamba watoto wote wenye maradhi haya aliowaona yeye walikufa upesi, na kwa sababu hiyo aliona ni bora kutowapasua. Akasimulia habari za mtoto mmoja ambaye kichwa chake kilikua kila siku hadi akashindwa kukaa kwa uzito wake, na maji yakazidi hadi akafa.

Tulitafakari jambo hili. Huyu alikuwa mpasuaji mkubwa wa zama zake. Angeweza kuandika kwamba aliwaponya, na nani angembishia? Lakini aliandika alichokiona. Katika utangulizi wa juzuu hiyo hiyo aliwashutumu matabibu wa nchi yake waliothubutu kukata bila kujua maungo ya mwili, akataja mmoja aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingo, akakata mshipa mkubwa, na yule mama akafa mbele yake. Kwa al-Zahrawi, kushika kisu bila elimu ilikuwa ni kuua. Na kunyamaza juu ya kushindwa kungekuwa kuwadanganya wanafunzi.

Elimu hiyo haikubaki Qurtuba. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri juzuu ya upasuaji kwa Kilatini akiwa Toledo, na kwa karne kadhaa wapasuaji wa Ulaya wakaisoma. Ilipigwa chapa Venice mwaka 1497. Kizungumkuti alichokiacha, yaani namna ya kuyatoa maji bila kumuua mtoto, kilisubiri zaidi ya miaka 900. Mwaka 1956 huko Marekani, fundi aitwaye John Holter, ambaye mwanawe Casey alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, alitengeneza vali ndogo ya kuruhusu maji yatoke kichwani bila kurudi. Leo watoto wengi huwekewa mpira mwembamba unaopitisha maji hayo kutoka kichwani hadi tumboni, na huishi.

Hapa Afrika Mashariki nako kuna la kujivunia. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, nchini Uganda, daktari Benjamin Warf aliona kwamba mpira unaweza kuziba, na mtoto anayeishi mbali na hospitali akafa kabla ya kufikishwa. Akaendeleza njia ya kufungua mkondo wa maji ndani ya ubongo wenyewe, bila mpira. Mwaka 2005 alichapisha utafiti wa watoto 300 ukionyesha kwamba asilimia 60 walipata maradhi haya kutokana na maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2012 alitunukiwa tunzo ya MacArthur. Si Muislamu, lakini haki ni haki, nasi tumpe yake kama al-Zahrawi alivyowapa Wagiriki yao. Tena linganisha. Al-Zahrawi alidhani chanzo kimojawapo ni mkono wa mkunga unaokibana kichwa cha mtoto, akaongeza kwamba kuna sababu nyingine zilizofichika. Kuhusu kubana hatuna uthibitisho. Lakini alielekeza jicho kwenye saa na siku za kuzaliwa, na huko ndiko utafiti wa Mbale ulikoikuta sehemu kubwa ya balaa hili.

Sasa turudi kwetu. Mimi ni mkazi wa Makambako. Mji wetu uko njia panda, magari ya Zambia yanapita, ya Songea yanapita, na treni ya TAZARA inapita. Njombe mjini ni kiasi cha kilomita 60 tu. Hatuwezi kusema tumejitenga na dunia. Lakini bado nasikia kwa masikio yangu, sokoni na hata kwenye baraza za msikiti, watu wakisema mtoto wa namna hii ni wa kurogwa, au ni adhabu ya dhambi za mama. Matokeo yake mtoto hufichwa ndani. Hupelekwa kwa mganga akachanjwa chale, na kichwa kinazidi kukua. Akija kufikishwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, ubongo umekwisha kuumia na macho yameingia giza. Wakati mwingine baba amekwisha kimbia, amemwachia mama mzigo peke yake.

Je, hii ndiyo dini tuliyofundishwa? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujitibu, na kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Al-Zahrawi hakuipata dawa ya maradhi haya, lakini hakumwita mtoto mchawi wala hakumlaumu mama. Sisi tuliofikiwa na dawa ndio tunaolaumu!

Kuna jambo jingine la kina mama na kina baba kulijua. Mgongo wazi hutokea ndani ya siku 28 za mwanzo za mimba, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba mama aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii, akitumia vidonge vya asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, hatari ya kupata mwingine hupungua kwa asilimia 72. Kwa hiyo kidonge kinachotolewa kliniki mimba ikiwa na miezi minne ni chema kwa damu ya mama, lakini kwa mgongo wa mtoto kimechelewa. Serikali ilitunga kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga mwaka 2011. Lakini wengi wetu Njombe tunalima mahindi yetu na kusaga kwenye mashine ya mtaani, ambako mara nyingi hakuna anayeongeza chochote. Ndiyo maana mkoa wetu, wenye mahindi, viazi na maharage tele, bado ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa udumavu wa watoto katika takwimu za 2022.

Basi tumuenzije al-Zahrawi? Napendekeza mambo matatu. Kwanza, masheikh wetu wakiwafungisha vijana ndoa, wawaambie waende kituo cha afya kuulizia vidonge hivyo kabla ya mimba. Pili, kila msikiti wa Njombe na Makambako utenge fungu katika zaka na sadaka kwa ajili ya nauli na malazi ya maskini anayempeleka mtoto wake kupasuliwa. Huyo ni mstahiki bila ubishi. Tatu, tuwatafute wazazi wenye watoto hawa, tuwaunganishe na chama cha wazazi wenzao, ASBAHT, na tuwatoe watoto ndani.

Tunzo za wakubwa zitaendelea kutolewa, na wanaostahili wapewe. Lakini mama aliyembeba mtoto mgongoni kutoka kijijini hadi stendi ya Makambako, akapanda basi la alfajiri kwenda Muhimbili bila kujua atalala wapi, naye amefanya kazi ya kutukuka. Tunzo yake iko mikononi mwetu. Ni nauli ya kurudi.

Wabillahi tawfiq.