Bartolomeo Eustachi na meno ya mtoto yasiyoonekana

Bartolomeo Eustachi alizaliwa San Severino, Italia, mwanzoni mwa karne ya 16. Alikuwa daktari wa Kardinali Giulio della Rovere, akaenda naye Roma, na huko akafundisha maumbile ya mwili wa binadamu. Wengi wanamjua kwa sababu ya sikio, maana ule mrija unaotoka ndani ya sikio hadi nyuma ya pua unaitwa kwa jina lake. Kwetu sisi tunaolea watoto, naona kazi yake ya meno ina uzito zaidi.

Mwaka 1563 alitoa kitabu kidogo kuhusu meno tu. Wakati huo hata Vesalius, bingwa wa fani hiyo, alikuwa ameandika kwamba jino la ukubwani huota kutoka kwenye mabaki ya mzizi wa jino la utoto. Eustachi alitaka kuona mwenyewe. Alichunguza mataya ya vichanga waliofariki na mimba zilizoharibika (hata kuandika hili linaniuma), akakuta vimeno vimeshajipanga ndani ya taya kabla ya kuota. Nyuma yake kulikuwa na vingine vidogo zaidi, vya ukubwani, vikiwa na chanzo chao wenyewe. Alieleza pia uwazi ulio ndani ya jino.

Alifariki mwaka 1574 akiwa safarini kwenda kumwona kardinali. Michoro yake mingi ya mwili ilichapishwa mwaka 1714 tu.

Mama, vile vimeno vya ndani vipo hata kwa mwanao. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuharisha, wapo watakaokuonyesha uvimbe mweupe kwenye fizi wakuambie ni meno ya plastiki, yachimbwe. Usikubali. Kinachochimbwa ni jino lake halisi, na mtoto anaweza kuvuja damu sana, kupata maambukizi, hata kufa. Mpeleke kituo cha afya atibiwe homa au kuharisha kwenyewe.

Kwa mtoto aliyekwisha kuota magego, hatari ni kuoza. Gego la juu la utoto kwa kawaida lina mizizi mitatu iliyotanuka, na katikati yake ndipo jino la ukubwani linapokua. Ganda la jino la utoto ni jembamba, hivyo uozo hufika upesi kwenye kiini chenye neva na damu, kisha hushuka kwenye vijia vyembamba vya mizizi. Usaha ukitokea hapo, jino lililo chini yake linaweza kuota likiwa na madoa au ganda dhaifu.

Magego hayo hukaa hadi mtoto afike miaka 9 hadi 12, kwa hiyo kusema litang'oka lenyewe hakusaidii mtoto wa miaka minne. Ukiona tundu, au kijipu kidogo kwenye fizi karibu na gego, mpeleke kwa daktari wa meno hata kama halii. Shavu likivimba au akipata homa, mpeleke siku hiyo hiyo.