Ishi: Msasi wa Mwisho wa Wayahi

Katika Kiswahili, neno ishi ni amri ya kuendelea kuwa hai. Katika lugha ya Wayana wa California, Marekani, neno hilohilo lina maana ya mtu. Ndilo jina alilopewa mwanamume aliyejitokeza kwenye machinjio karibu na mji wa Oroville tarehe 29 Agosti 1911, akiwa amekonda kwa njaa na bila jamaa hata mmoja. Jina lake halisi hakulitaja kamwe, kwani mila za Wayahi, tawi la Wayana alikotoka, zilimzuia mtu kujitaja.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1860, wakati walowezi waliofuata dhahabu walipokuwa wakiwaua Wayahi na kuwapokonya ardhi. Wachache walionusurika walijificha kwa takriban miaka 40 katika makorongo ya Mill Creek na Deer Creek. Huko upinde ulikuwa ndio uhai wenyewe: bunduki ingewafichua, ilhali mshale huenda kimya.

Mtaalamu wa mila, Alfred Kroeber, alimpa makao katika jumba la makumbusho la chuo kikuu mjini San Francisco. Hapo daktari Saxton Pope akawa mwanafunzi wake. Ishi alichonga upinde kwa mti wa mreteni na kuubandika kano za kulungu mgongoni. Vyembe alivitengeneza kwa jiwe jeusi la volkano, hata kwa vipande vya chupa. Kabla ya kuwinda alijiepusha na samaki na tumbaku, akaoga. Hakumkimbiza mnyama, aliweka vidole mdomoni, akaiga kilio cha sungura aliyeumia, akangoja mnyama asogee.

Kifua kikuu kilimuua tarehe 25 Machi 1916. Kroeber, aliyekuwa safarini, alipinga maiti kupasuliwa, lakini barua yake ilichelewa. Ubongo uliondolewa, na mwaka wa 1917 Kroeber mwenyewe akaupeleka katika Taasisi ya Smithsonian.

Mafunzo ya Ishi yalisafiri mbali. Pope alichapisha kitabu kuhusu uwindaji wa upinde mwaka wa 1923, na mwaka wa 1925 akaja Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Mwalimu wake, hata hivyo, hakuzikwa akiwa mzima hadi mwaka wa 2000, ubongo uliporudishwa kwa jamaa wa Wayana, wakamzika katika ardhi ya wazee wake. Watu waliothamini ustadi wake walichukua miaka 84 kumthamini mwenye ustadi.